Muulize Dada wa Mitambo: Moduli za bure na bili isiyo ya bure

Mwezi huu barua nyingi zina jambo moja: moduli za miundombinu zilizoandikwa tayari, zile unazovuta mtandaoni, unajaza nafasi chache, na klaudi inakujengea mtandao, hifadhidata na seva kabla chai haijapoa. Wapo wanaozisifu na wapo zilizowaunguza. Nimechagua barua sita. Wengi wanatumia Terraform, programu inayosoma maandishi yako na kujenga vitu kwenye AWS, klaudi ya Amazon: amri ya plan inaonyesha itakachofanya, apply inakifanya. Kwa wale wanaoendelea kuuliza kama nafundisha Jumamosi hapa Uyole, Mbeya: sifundishi. Jumamosi ni ya soko la Mwanjelwa.

Plan imenionyesha vitu 31

*Shikamoo Dada. Niko Kihesa, Iringa. Tuko vijana watatu, tunatengeneza mfumo wa ada kwa shule binafsi. Mteja anataka mfumo uwe hewani kwenye AWS kabla shule hazijafunguliwa Januari. Nilianza kuandika Terraform ya mtandao mwenyewe nikakwama kwenye majedwali ya njia (yanayoelekeza data ipite wapi). Mwenzangu akasema tuchukue moduli ya VPC (mtandao binafsi ndani ya AWS) kutoka Terraform Registry, ghala la moduli mtandaoni. Nikanakili mfano wao, nikapiga plan, ikaniambia itaunda vitu 31. Nikaogopa nikafunga laptopu. Kutumia moduli ya mtu mwingine si uvivu? — Kijana wa Kihesa*

Marahaba, mdogo wangu. Uvivu ungekuwa kupiga apply bila kuangalia, na wewe hukupiga. Mtandao wenye subneti (vipande vya mtandao) za nje na za ndani kwenye kanda tatu (vituo vya AWS vinavyojitegemea) ni ule ule kwa mfumo wa ada wa Iringa na kwa duka la mtandaoni la Nairobi. Hakuna mwalimu mkuu atakayewalipa zaidi kwa sababu majedwali ya njia mliyaandika kwa mikono yenu. Chukueni moduli, na muda mtakaookoa upelekeni kwenye risiti na ripoti, maana hivyo ndivyo mteja anavyoviona.

Moduli hiyo, terraform-aws-modules/vpc, wengi hudhani ni ya Amazon. Si yao. Ni ya jumuiya iliyoanzishwa na Anton Babenko, na inatolewa kwa leseni ya Apache 2.0. Imeshapita kwa watu wengi kiasi kwamba pale ulipokwama, wenzako walikwama zamani na pakarekebishwa. Mimi naithamini kwa hilo kuliko hata kasi yake.

Sasa tuifungue plan iliyokukimbiza. VPC moja na lango lake la intaneti: viwili. Subneti tatu za nje na tatu za ndani: tumefika vinane. Kila subneti lazima ifungwe kwenye jedwali la njia, basi vifungo sita: kumi na vinne. Majedwali yenyewe ni manne, moja la nje na matatu ya ndani: kumi na vinane. Njia nne ndani ya majedwali hayo: ishirini na viwili. Mageti matatu ya NAT na anwani tatu za umma za mageti hayo: ishirini na vinane. Vitatu vya mwisho ni vile AWS huvitengeneza yenyewe kila VPC inapoundwa (jedwali la njia la awali, orodha ya ruhusa ya awali na kundi la ulinzi la awali), na moduli inavichukua ivisimamie. Thelathini na moja. Hakuna jini humo.

Ila kuna pesa. Geti la NAT ndilo linaloziwezesha seva za ndani kutoka kwenda intaneti bila intaneti kuingia kwao. Kwa bei ya vituo vya AWS vya Virginia, Marekani, kila geti ni dola 0.045 kwa saa, na dola 0.045 nyingine kwa kila gigabaiti inayopita. Mwezi una saa 730 hivi, kwa hiyo geti moja ni dola 32.85 hata kama halikupitisha kitu. Matatu ni dola 98.55. Bei ya AWS ya Cape Town iko juu zaidi ya hapo. Ongeza anwani za umma, ambazo tangu tarehe 1 Februari 2024 AWS inazitoza dola 0.005 kwa saa kila moja, yaani dola 3.65 kwa mwezi. Mfumo ambao bado hauna mzazi hata mmoja unakula zaidi ya dola mia kwa mwezi.

Nani aliamua muwe na mageti matatu? Hakuna. Moduli yenyewe haiwashi NAT mpaka uiambie, lakini mfano uliounakili umeandika `enable_nat_gateway = true`, na usipoongeza neno jingine inaweka geti kwa kila subneti ya ndani. Mfano huo huo huwasha pia `enable_vpn_gateway`, lango la VPN (njia ya siri ya kuunganisha ofisi na klaudi), ambalo lingekuwa kitu cha 32; kwako halimo, libaki nje hivyo hivyo, maana nina hakika ninyi hamna VPN yoyote. Ongeza `single_nat_gateway = true`, piga plan tena. Mageti mawili, anwani mbili, majedwali mawili na njia mbili vitaondoka.

Hapo kaeni wote watatu muamue, kwa sababu geti moja lina gharama yake ya aina nyingine. Kanda yenye geti hilo ikianguka, seva za kanda nyingine hazina pa kutokea. Wazazi wataendelea kuona salio, lakini kama mfumo wenu huwasiliana na nje kuthibitisha malipo ya mitandao ya simu, uthibitisho utasimama mpaka kanda irudi. Kwa mfumo wa ada ningelikubali hilo. Kwa hospitali nisingelikubali. Moduli haiwezi kujua ninyi ni nani kati ya hao wawili.

Mambo mawili ya haraka kabla sijakuachia. Mtandao wa `10.0.0.0/16` ulioko kwenye mfano usiuache hivyo. Kila mtu anauacha, na siku mtakapotaka kuunganisha VPC ya majaribio na ya kazi halisi, AWS itakataa kwa sababu anwani zinaingiliana. Ya majaribio ipe 10.20, ya kazi 10.30, muandike mahali. Na Cape Town, iliyofunguliwa Aprili 2020, haiko wazi kwenye akaunti mpya. Uiwashe kwanza kwenye mipangilio ya akaunti, la sivyo Terraform itakulalamikia funguo zako kana kwamba ni za bandia, utahangaika usiku kucha na funguo zisizo na tatizo.

Bando linaisha kwenye init

*Habari Dada. Huku Mafinga nikifungua folda mpya na kupiga terraform init, inashusha upya provaida ya AWS, bando linakatika. Halafu juzi umeme umekatika katikati ya apply na laptopu yangu haina betri. Sasa naogopa kugusa. — M., Mafinga*

Provaida ya AWS (programu inayoiwezesha Terraform kuongea na AWS) ni faili kubwa kweli, na Terraform inaweka nakala kwa kila folda. Iambie itumie ghala moja: tengeneza folda `~/.terraform.d/plugin-cache`, kisha kwenye `.bashrc` andika `export TF_PLUGIN_CACHE_DIR="$HOME/.terraform.d/plugin-cache"`. Folda lazima iwepo kabla, yenyewe haiitengenezi. Moduli haziingii kwenye ghala hilo, lakini moduli ni maandishi, hazikuletei hasara ya maana.

Kuhusu umeme. Vilivyokwisha kuundwa vipo, havikufutika. Kama faili la steti (daftari la Terraform la vitu ilivyounda) liko S3, hifadhi ya mafaili ya AWS, piga plan uone Terraform inajua nini. Ikikuambia steti imefungwa, hakikisha hakuna mwenzako anayeendesha kitu, ndipo utumie `terraform force-unlock` na namba iliyokupa. Kitu kilichoundwa AWS lakini hakimo kwenye steti utakirudisha kwa bloku ya `import`, ipo tangu Terraform 1.5. Na ukiwa na haraka ya kusimamisha apply, bonyeza Ctrl+C mara moja usubiri. Ukibonyeza ya pili unaikata ghafla, na hapo ndipo steti hupotea.

Dawa ya kudumu ni kutoendesha apply kwenye laptopu. Sukuma msimbo kwenye Git (ghala la kutunza msimbo), apply ipigwe na mashine ya mtandaoni ya GitHub Actions au GitLab. Umeme wa Mafinga ukikatika, wewe unawasha mshumaa, kazi inaendelea. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na nchi ikabaki inakokota intaneti, aliyekuwa anatuma mstari mmoja wa Git alikuwa na nafuu kuliko aliyekuwa anashikilia muunganisho wa dakika arobaini.

Tujenge moduli moja kubwa ya kila kitu?

*Dada, salaam. Tuna ofisi ndogo Soweto, Mbeya. Wateja ni shule mbili, zahanati na AMCOS ya kahawa Mbozi. Kila mteja mpya tunanakili folda ya mteja aliyetangulia na kubadilisha majina. Sasa folda zimeachana, marekebisho ya mmoja hayafiki kwa mwingine. Mkuu wetu anataka tutulie miezi miwili tujenge "jukwaa": moduli moja yetu yenye kila kitu, kila mteja awashe anachotaka. Unasemaje? — Mhandisi, Soweto*

Nasema msitulie miezi miwili.

Nimeziona moduli za aina hiyo katika kazi zangu. Zinaanza na vigezo vitano, mwaka ukiisha zina sitini, nusu yake ni "washa hiki isipokuwa kile kimezimwa", na aliyeiandika ameshahamia Dar. Hakuna anayethubutu kuigusa, kwa hiyo watu wanarudi kunakili folda, safari hii wakinakili pamoja na jukwaa.

Fanyeni ganda jembamba. Ndani yake kaeni na moduli za watu: ya VPC, ya RDS (hifadhidata ya AWS), ya ndoo za S3 (ndoo ni sehemu ya kuwekea mafaili). Nje acheni vigezo vinne au vitano tu: jina la mteja, mazingira, namba ya mtandao, ukubwa wa hifadhidata, na barua pepe ya kupokea tahadhari. Yote mengine yawe yameamuliwa humo ndani na ninyi, mara moja: bakapu zinakaa siku ngapi, usimbaji fiche umewashwa, geti la NAT ni moja, njia ya kwenda S3 inapitia lango la ndani la VPC ambalo ni la bure ili bakapu zisipitie NAT na kutozwa kwa gigabaiti. Mteja mpya akija, kijana wa juzi anaandika mistari kumi na anapata kile kile walichopata wenzake. Kasi mnayoitafuta iko hapo, kwenye maamuzi ambayo hayajadiliwi upya kila mteja.

Zahanati ikitaka mageti mawili? Hapo ndipo kigezo cha sita kinazaliwa, kwa sababu kuna mtu amekihitaji. Msikiandike kabla.

Vitu ambavyo ningesimamia kwa ukali. Msifungie kitu kimoja ndani ya moduli ili tu ionekane ni moduli. Ndoo moja ya kuwekea picha iandikwe kama ndoo, basi. Bloku ya `provider` isikae ndani ya ganda, ikae kwenye folda ya mteja, maana ikiwa ndani hamtaweza kutumia `count` wala `for_each` (njia za kuirudia moduli mara nyingi) juu ya moduli hiyo, na kuiondoa baadaye ni mateso. Ganda lisiite ganda jingine linaloita la tatu: kosa likitokea chini kabisa, ujumbe unaopata unasomeka kama anwani ya barua ya kijijini, kitongoji ndani ya kitongoji. Na kila mteja awe na steti yake, ikiwezekana hata akaunti yake ya AWS chini ya AWS Organizations. Steti iwe S3, ndoo iwe na kumbukumbu ya matoleo, na kama mko Terraform 1.10 au zaidi andikeni `use_lockfile = true`. Ile meza ya DynamoDB (hifadhidata nyingine ya AWS) ya kufungia steti, ili watu wawili wasiiandike kwa pamoja, haihitajiki tena. Kumbukeni pia kwamba nenosiri la hifadhidata likipita Terraform mara nyingi hukaa kwenye steti wazi wazi, hivyo anayesoma ndoo hiyo anasoma kila kitu.

Tumieni `default_tags` kwenye provaida ya AWS muweke lebo ya mteja. Halafu mwende kwenye ukurasa wa bili mkaiwashe lebo hiyo, kwa sababu bila kuiwasha haionekani kwenye mchanganuo wa gharama, na mtabaki kukisia AMCOS imetumia kiasi gani.

Mkuu wenu bila shaka atataja Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena (programu zilizofungashwa) kwenye seva nyingi. Moduli ya EKS, Kubernetes ya AWS, ni nzuri na itawapa klasta (kundi la seva) kwa mistari michache. Itawapa pia dola 0.10 kwa saa ya usimamizi wa klasta, dola 73 kwa mwezi kabla ya seva, mara wateja wanne. Zahanati yenye watumiaji kumi na wawili haina haja hiyo. Kontena kwenye ECS, huduma rahisi zaidi ya AWS, inatosha, hata seva moja yenye bakapu nzuri inatosha.

Hatukugusa mstari, plan inataka kufuta hifadhidata

*Dada, pole na kazi. Niko Njombe, nasimamia mfumo wa kampuni inayonunua parachichi kwa wakulima. Mwenzangu alipata laptopu mpya, akavuta msimbo, akapiga init na plan. Plan ikasema hifadhidata itafutwa na kuundwa upya. Kwenye laptopu yangu plan ile ile inasema hakuna mabadiliko. Faili la .terraform.lock.hcl tunalo kwenye Git. Imekuwaje? — Dada wa Njombe*

Pole na wewe, na mshukuru huyo mwenzako kwa kusoma kabla ya kuandika yes.

Faili hilo la lock linafunga matoleo ya provaida peke yake. Moduli haifungi. Watu wengi wanaliamini kwa kazi ambayo haifanyi. Nadhani kwenye bloku ya moduli yenu hamkuandika `version`, au mmeandika kitu kipana kama `>= 5.0`. Laptopu yako ina nakala ya zamani ndani ya `.terraform/modules` na inaendelea kuitumia. Laptopu mpya haikuwa na kitu, ikachukua toleo la karibuni kabisa.

Leo hii andikeni toleo kamili, namba zote tatu, lile lililoko kwenye laptopu yako. Utalikuta kwenye faili la `.terraform/modules/modules.json`. Alama ya `~>` ina mtego wake: `~> 5.8` inaruhusu 5.9 na kuendelea, inazuia 6.0 tu, ilhali `~> 5.8.0` inaruhusu mabadiliko ya namba ya mwisho peke yake. Kwa mfumo wenye pesa za wakulima mimi naandika namba kamili. Moduli mnayoivuta moja kwa moja kutoka Git iwekeeni `ref` ya komiti, kwa sababu lebo ya toleo mwenyewe anaweza kuihamisha. Hilo ni la usalama pia: moduli ni msimbo unaoendeshwa kwa funguo zenu, na ikiwa na `local-exec` ndani inaweza kuendesha amri kwenye mashine yenu. Kabla ya kuchukua moduli ya mtu msiyemjua, itafuteni `local-exec` na `external` humo ndani.

Kuhusu hifadhidata yenyewe, rudi kwenye plan ya mwenzako utafute alama ya `-/+`, na chini yake mstari ulioandikwa `forces replacement`. Huo ndio unaosema kwa nini. Ukikuta ni jina lililobadilika, mara nyingi unaweza kulitaja jina la zamani waziwazi kwenye vigezo na tatizo likaisha. Lakini kama plan inafuta kwa anwani moja na kuunda kwa anwani nyingine, hapo kitu kimehamishwa tu ndani ya moduli, na dawa ni bloku ya `moved`, ipo tangu Terraform 1.1.

Utashawishika kuweka `prevent_destroy`, agizo la kuizuia Terraform isifute kitu. Haiwezekani kutoka nje ya moduli, bloku ya moduli haikubali `lifecycle`. Kinachowezekana, na ni bora, ni kuweka `deletion_protection = true` kwenye moduli ya RDS na kupiga apply sasa hivi kwa toleo la zamani. Baada ya hapo hata mtu akikosea, AWS yenyewe itakataa kufuta.

Kupandisha toleo la moduli iwe kazi ya peke yake, siku ya peke yake, na isichanganywe na badiliko jingine. Msimu wa kununua ukiwa umepamba moto, iahirisheni. Na plan mliyokubaliana ihifadhiwe kwa `-out`, apply ipigwe kwa faili hilo hilo, ili kilichosomwa kiwe ndicho kilichoendeshwa.

Terraform au OpenTofu?

*Nafundisha chuo hapa Mbeya. Wanafunzi wananiuliza tufundishe ipi baada ya leseni kubadilika. — Mwalimu*

Fundisha yoyote, Mwalimu, lugha ni ile ile na moduli nyingi zinafanya kazi kote. Agosti 2023 HashiCorp waliihamisha Terraform kutoka leseni ya MPL kwenda BSL. Leseni hiyo inawabana wanaotengeneza bidhaa ya kushindana nao, haimbani mwanafunzi wala ofisi inayojengea wateja. OpenTofu, tawi huria la Terraform, ilitokana na hapo, iko chini ya Linux Foundation, na tangu toleo la 1.7 inaweza kulifunga faili la steti kwa usimbaji fiche, jambo ninalolipenda. Mwanzoni kabisa waandikishe VPC kwa mkono, bila moduli, mara moja. Wakishateseka kidogo wape moduli. Wataisoma kwa macho mengine.

Mjukuu anasema ni bure

*Mwanangu, mimi ni mwenyekiti wa bodi ya SACCOS huku Tukuyu. Vijana wametuletea makadirio ya milioni kadhaa za "kujenga miundombinu ya klaudi". Mjukuu wangu aliye chuoni kanionyesha kwenye simu kwamba vitu hivyo vimeshaandikwa na vinatolewa bure. Tunaibiwa? — Mwenyekiti*

Shikamoo mzee wangu. Mjukuu yuko sahihi kwamba vimeandikwa na ni bure. Lakini mbao za Mafinga nazo zinakuja zimeshapasuliwa, na bado mnamlipa seremala anayepiga paa la ofisi. Kama wanatumia moduli hizo, mimi ningewaamini zaidi kuliko kama wangeandika kila kitu wenyewe. Swali ni pesa mnazotoa zinalipia nini.

Waiteni mbele ya bodi. Muwaulize akaunti ya AWS itafunguliwa kwa barua pepe ya nani. Iwe ya SACCOS, siyo ya kijana, na nenosiri la akaunti kuu pamoja na uthibitisho wa pili vikae kwenye kasha lenu, kama vitabu vya hundi. Vijana wafanye kazi kwa watumiaji waliopewa ruhusa zao, ambao mnaweza kuwaondoa siku mkiachana. Wakisita hapo, msisaini.

Waambieni waandike bili ya mwezi wanayoitarajia, kwa dola, kitu kimoja kimoja, na waweke tahadhari ya AWS Budgets ije kwenye simu ya mhasibu. Bili hiyo ni tofauti na malipo yao na haitakoma kazi ikiisha. Bodi nyingi hulijua hilo mwezi wa pili.

Kisha waombeni kitu ambacho watu hawapendi kuombwa: warejeshe bakapu mkiwa mnaangalia. Wachukue nakala ya jana, wainue hifadhidata nyingine pembeni, wawaonyeshe salio la mwanachama mmoja mnayemjua. Moduli inaweza kuwasha bakapu kwa neno moja, lakini haiwezi kuwahakikishia kwamba kuna mtu anajua kuirudisha. Kazi hiyo, na ya kupokea simu mfumo ukisimama, ndiyo inayostahili sehemu kubwa ya milioni zenu.

Kuna jambo la sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na majina, namba za vitambulisho na mikopo ya wanachama wenu vimo ndani yake. Kupeleka taarifa nje ya nchi, hata Cape Town, kuna masharti. Muulizeni mwanasheria wenu kuhusu usajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuhusu masharti hayo kabla seva haijawashwa, siyo baada.

Halafu angalieni makadirio yenyewe, mstari kwa mstari. Usanifu, usimamizi, mafunzo ya mhasibu, matengenezo ya mwaka: jadilianeni bei. Mkikuta mstari umeandikwa leseni ya moduli, huo ufuteni bila kujadiliana.